Dinosaria Wawili Tuliowasingizia

Jumapili, saa nane mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kile kiti chako cha kamba, mguu wa kushoto umeunyoosha mbele watu waruke, na redio iko sikioni ingawa unasikia vizuri kuliko sisi sote. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeitumia, au iko juu ya kabati inakutazama? Usinijibu kwamba unaendelea vizuri. Katika ukoo wetu kila mtu huwa anaendelea vizuri mpaka siku anayoanguka.

Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa anatema mate kwa ustadi unaotutia aibu mbele ya wageni. Mkweo anakusalimu sana na anasema mchezo wa drafti mliouacha katikati yeye anauhesabu kuwa ameshinda. Nimemwambia asithubutu kuja kwako na maneno hayo.

Barua hii ni ndefu, Baba. Vaa miwani kabisa, usije ukaishia njiani ukasingizia mwandiko. Ningeweza kukupigia simu, na wiki hii nimeishika simu mara tatu nikairudisha mezani, kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa hukubali yaishe. Barua haikatizwi. Nina jambo la kukuambia na nitalisema lote.

Nianze na kazi, maana ndiko lilikotokea. Kile chumba chetu cha kurekodi bado ni kile kile ulichokiona ulipokuja: sponji ukutani, kiti kimoja kisicholia, bilauri ya maji, na ng'ambo ya kioo fundi mitambo anayekula karanga tangu asubuhi hadi tufunge. Tofauti ni kwamba siku hizi mimi ndiye mwenye neno la mwisho mle ndani. Natafsiri katuni za watoto, nachagua waigizaji, nawasimamia mpaka maneno ya lugha yetu yakae kwenye midomo ya wanyama kama vile walizaliwa nayo. Nasema kwa kujidai na nina haki ya kujidai, kwani hakuna anayenizidi kwa kazi hiyo. Na wewe unajua nilikojifunzia.

Mwezi uliopita mwenye studio aliniita akanikabidhi filamu mbili za kutia sauti kwa ajili ya stesheni moja ya watoto. Nikafungua ya kwanza juu juu, nikafungua ya pili, nikapiga kelele mpaka fundi mitambo akamwaga karanga zake. Ilikuwa ni ile katuni ya dinosaria, Baba. Yetu. Ile ile tuliyoionyesha mpaka mkanda ukachakaa.

Najua unaikumbuka, lakini niache nikusimulie nilivyoiona mimi, maana nilikuwa nimekaa chini kuliko wewe. Chumba chetu cha video kilikuwa ghala la saruji kabla hujakipanga, na ukiegemea ukuta ulitoka na mgongo mweupe. Mabenchi sita. Televisheni juu ya kabati la vyombo la marehemu Mama. Blanketi limetundikwa dirishani ili Jumamosi mchana pawe na giza. Na wewe umekaa pembeni, kipaza sauti mkononi, shati umelichomekea kama mtu anayekwenda kazini. Filamu zilikuja kwa lugha ambayo mle ndani hakuna aliyeijua, wewe ukiwa wa kwanza. Hilo halikukunyima usingizi. Ulitazama mdomo kwenye kioo: ukifunguka unatia maneno, ukifunga unanyamaza, na maneno yote uliyatoa kichwani mwako papo hapo. Watu walitoka mitaa ya mbali, wakisema filamu za kwako zina utamu ambao hawauoni kwingine. Kumbe hata waliozitengeneza wasingezitambua!

Ile ya dinosaria ilikuwa sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza hukuwahi kuipata, kwa sababu aliyekuletea mikanda alikuwa na hiyo moja tu, tena dakika kumi za mwisho deki ilikuwa imezitafuna. Tukifika hapo picha ilikuwa inageuka chenga tupu, nawe unazima haraka na kutangaza kwamba wezi walipotelea mbali, mtoto akarudi kwao, mwisho, tokeni kwa utaratibu.

Wezi. Ndio hao ninaotaka kuwazungumzia.

Hadithi kama ulivyotusimulia ilikuwa hivi. Kundi la dinosaria wenye shingo ndefu linamtafuta mtoto wao. Mtoto ameibwa na dinosaria wawili wa kuchekesha: mmoja mnene, mfupi, akipiga hatua tatu anahema, mwingine mrefu, mwembamba, kidevu kiko juu na jicho moja amelifinya. Kila wakikaribia kukamatwa wanadumbukia kwenye tope, au jiwe linawaangukia, au wanagongana vichwa. Yule mnene ulimwita Bi Mapumzi, yule mrefu Bwana Taratibu. Na sauti ulizowapa, Baba, mtaa mzima ulizitambua kabla hata hawajamaliza sentensi ya kwanza. Bi Mapumzi alikuwa Shangazi, dada yako wa pekee. Bwana Taratibu alikuwa mumewe, shemeji yako, Fundi Saa.

Fundi Saa ulimpatia mno. Kile kikohozi kidogo kabla ya kusema. Lile neno lake la taratibu, taratibu, alilomwambia kila mteja aliyemharakisha. Namna alivyosema akiwa ameinua kidevu, kwa sababu kile kioo cha kukuzia alikiacha jichoni hata akiinuka mezani, na sauti ikawa inapitia puani. Nimefanya kazi na waigizaji wengi sasa, waliosomea na wasiosomea, sijasikia mtu akimvaa mtu mwingine kooni kama ulivyomvaa Fundi Saa. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na goti lako, na kazi yangu ilikuwa sauti ya yule mtoto wa dinosaria. Ukinigusa bega nalia kwamba nirudisheni kwetu, namtaka baba yangu. Wanawake kwenye benchi la nyuma walikuwa wanafuta machozi. Ndipo uliponipa lile jina la Kasuku.

Basi nikaketi kuitazama upya, peke yangu, hedifoni masikioni, skripti ya wenyewe mkononi, sasa nikiielewa lugha yao neno kwa neno. Nilitegemea kucheka, na kweli nilicheka, kwa sababu bado nasikia maneno yako juu ya maneno yao. Yule mnene alipoteleza kwenye tope nikasema kwa sauti kama ulivyokuwa ukisema, kwamba ardhi imempokea. Halafu nikaangalia skripti. Pale ambapo Bwana Taratibu wako anajigamba kwamba mtoto wa mwenzio ni mtamu kulea kuliko wa kwako, kwenye skripti anasema sikilizeni kwanza, huyu mtoto mama yake, na kabla hajamaliza jiwe linamwangukia. Nikarudisha nyuma nikatazama tena. Nikaenda mbele. Pale ambapo Bi Mapumzi anawazomea wenye shingo ndefu, kwa kweli anawaita wasubiri, anataka kuwaeleza, na kabla hajaeleza daraja linakatika. Filamu nzima iko hivyo. Kichekesho chenyewe ndicho hicho, Baba: ni viumbe wawili wenye jambo la kueleza, na kila wakifungua mdomo kitu kinawaangukia. Wewe ulikuwa unaona mdomo umefunguka, ukatia maneno yako.

Na yule mtoto. Hili lilinifanya nivue hedifoni. Mahali pote ambapo uliniminya bega nikalia, yule mtoto halii. Anacheka. Amebebwa mgongoni kwa yule mnene na anacheka kwa sababu yule mrefu amegonga kichwa. Kwenye katuni mdomo wa kucheka na mdomo wa kulia huchorwa karibu sawa, usipopata sauti ya wenyewe huwezi kujua. Mimi leo ningempa mwigizaji karipio kwa kosa hilo. Lakini nilikuwa na miaka minane, na wewe hukuwa na skripti.

Nikaenda kwenye sehemu ya kwanza ambayo hatukuwahi kuiona. Jibu liko mwishoni kabisa. Mama yake yule mtoto anaumwa, amelala chini ya mwamba, kundi lake limetangulia mbali kutafuta majani. Wanaopita ni wale wawili, majirani tu, si wa ukoo wake. Anawaomba wamchukue mtoto. Wanamchukua. Filamu inakwisha wakiwa wanaondoka naye, yule mnene anahema, yule mrefu anamwambia taratibu. Ndiyo, Baba, hata hilo neno walilipata. Sijaliongeza mimi.

Nilikaa kwenye kile kiti kisicholia mpaka fundi mitambo akagonga kioo kuniuliza kama chombo kimeharibika.

Sasa nisizunguke. Wewe unajua kwa nini uliwapa wale wawili sauti zile, na mimi ninajua, na mtaa wote ulijua. Ulikuwa kwenye ule mkataba wa kujenga daraja, miezi minane mbali na nyumbani, kazi uliyoipata baada ya miaka mitatu ya kuzunguka na vyeti. Mama akaugua. Barua zake zilikuambia anapata nafuu. Kisha ikaja simu kwamba Mama hayupo tena, ukafika na begi begani, ukakuta mkeo amekwisha kuzikwa na binti yako wa pekee yuko nyumbani kwa Shangazi, ana kitanda, ana sare ya shule mpya, na anamwita Shangazi mama. Ukasema tuondoke. Shangazi akakuomba uniache kwake mpaka nimalize shule. Ukamuuliza nani kampa haki hiyo. Mbele ya watu ulimwambia kwamba Mungu hakumpa mtoto na sasa ameona msiba ni nafasi ya kujichukulia wa mwenzake. Ukanishika mkono tukaondoka, sare yangu ikabaki kwenye msumari.

Mwaka uliofuata ukafungua chumba cha video, na mkanda wa dinosaria ukaja wenyewe mikononi mwako.

Sikuandikii kukuhukumu. Ulikuwa umepoteza mke na ulikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hutafuta mahali pa kuuweka. Lakini nataka nikukumbushe Jumamosi moja ambayo sisi wawili hatujawahi kuizungumza. Fundi Saa alikuja. Aliingia taa zikiwa zimezimwa, akakaa benchi la mwisho, na wewe hukumwona mpaka katikati ya filamu, lakini hukuacha. Uliendelea kwa sauti ile ile. Watu waligeuka kumtazama, wakatazama kioo, wakatazama tena nyuma, na kicheko kikazidi. Uliponigusa bega nilie, nililia vizuri kuliko siku zote. Filamu ilipokwisha ukafungua blanketi, mwanga ukaingia, na Fundi Saa akasimama, akakohoa kidogo, akatusalimu sote kwa heshima, akakuambia kazi yako ni nzuri, shemeji, akatoka. Hakuwahi kurudi. Mwezi haukuisha, watoto wakawa wanapita dirishani kwake wanapiga kelele wezi wa mtoto, wezi wa mtoto, na watu wazima wakaanza kupeleka saa zao kwa fundi mwingine wakiona haya kuonekana pale. Kabla ya mwisho wa mwaka wakahama mji. Miaka ishirini na saba sasa, Baba, hamjaonana wewe na dada yako.

Hapa ndipo ninapoomba uvute pumzi, uiweke barua mapajani kidogo kama unataka, kisha uendelee. Nina miaka thelathini na tano. Nimechoka kuwa mtu mwenye jambo la kueleza anayengoja jiwe limwangukie.

Shangazi hakunichukua. Mama ndiye aliyenikabidhi kwake.

Najua kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nimejibana chini ya ile meza ya cherehani nikipanga vifungo kwa rangi, na Mama alidhani niko nje. Alimwambia Shangazi kwamba daktari amemhesabia miezi, si miaka, na kwamba anataka nihamie kwa Shangazi mapema ili siku ikifika nisiwe nahamia nyumba ngeni nikiwa nalia. Shangazi akasema kaka aandikiwe leo hii. Mama akakataa. Alisema akikuandikia ukweli utaacha kazi siku hiyo hiyo, utakuja kukaa kitandani kwake mkitazamana, na akishaondoka utakuwa huna mke wala kazi na una mtoto wa kulisha. Alisema wewe ni mtu wa kutupa kila kitu chini na kukimbia, na alikupenda kwa hilo, ila safari hii hataki. Akamwapisha Shangazi asikuambie kamwe kwamba yeye Mama alijua anakufa. Wewe uamini ilikuwa ghafla. Kisha kifungo kikaniponyoka kikabingirika hadi miguuni kwake. Mama akainama akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, nami nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo ahadi yangu ilikuwa hiyo.

Ningependa kukuambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya ahadi. Mwaka wa kwanza labda. Lakini ulipofungua chumba cha video mimi nilikuwa mtoto mwenye akili zake, nilijua kabisa kwamba Shangazi si mwizi, na nilijua kwamba neno langu moja lingetosha kumwondoa midomoni mwa watu. Nilinyamaza kwa sababu nilikipenda kile kigoda. Nilipenda mkono wako begani, nilipenda wanawake wa benchi la nyuma wakifuta machozi kwa ajili yangu. Baada ya Mama kuondoka nyumba yetu ilikuwa kimya, na pale ndipo mahali pekee uliponichekea na kunisifu. Nilijua nikisema, filamu ile itakwisha na nafasi yangu itakwisha nayo. Nikawauza watu wawili walionilea vizuri, kwa sifa za Jumamosi mchana. Wewe ulifanya kwa kutojua. Mimi nilifanya nikijua.

Nimelisema.

Na sasa usikimbilie kujilaumu kwamba ungekuwepo. Mama alichagua. Alikuwa na akili zake timamu na alikujua kuliko mtu yeyote, na alichagua wewe ubaki na kazi na mimi nibaki na mtu wa kunilea. Unaweza kumkasirikia, mimi pia nimemkasirikia mara nyingi, lakini usimpokonye uamuzi wake ukaufanya kosa lako. Nilifikiri sana kama nikuambie au nisikuambie. Nikaona wewe ni mtu mzima mwenye goti bovu na moyo mzima, utalibeba. Dada yako amelibeba peke yake muda wa kutosha.

Nimeonana naye. Nilimtafuta, na haikuwa kazi ngumu. Sisi tuliokataa kumtafuta miaka yote hii ndio tulioiona ngumu. Anakaa kwenye vyumba viwili nyuma ya shule, anashona sare za wanafunzi, utepe wa kupimia uko shingoni kutwa nzima. Alipofungua mlango alinitazama, akaniambia nimekonda, akanivuta ndani. Bado anahema akitembea hatua tatu. Nilibeba kompyuta ya kazini, nikamwonyesha filamu zote mbili, nikimtafsiria mwenyewe. Baba, alicheka! Yule mnene alipodumbukia kwenye tope alicheka mpaka akashika meza, akasema hao wachoraji walimwona wapi akiwa anavuka barabara. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Zilipofika zile dakika kumi ambazo deki yetu ilizitafuna, akavua utepe shingoni akaushika mkononi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, hata baadaye, hata walipozomewa. Aliniambia kwamba siku ile ulipofika, kabla hujaniona mimi, kabla ya ugomvi wowote, ulisimama mlangoni na begi begani ukamuuliza swali moja tu, kama Mama aliteseka muda mrefu. Akakujibu hapana, ilikuwa ghafla. Akasema ulipumua, uso ukakulegea, na yeye akaona kwamba jibu lile ndilo linalokusimamisha wima. Alichotaka baada ya hapo ni usianguke. Ukimchukia sawa. Aliona kaka mwenye hasira ana nafuu kuliko kaka aliyevunjika. Fundi Saa alikubaliana naye, na hata ile Jumamosi aliporudi kutoka kwetu hakumwambia mkewe neno baya juu yako. Alimwambia tu kwamba umepata kazi inayokufaa.

Nilimwomba msamaha. Alinijibu kwamba mtoto wa miaka minane hafunguliwi kesi, na mtu wa miaka thelathini na tano amechelewa lakini amefika. Nilimuuliza kama ananiruhusu nikuambie. Akasema kiapo chake ni chake na cha kwangu ni changu, niangalie mwenyewe. Nimeangalia, ndio nakuandikia.

Kisha akauliza nani atasema maneno ya yule mnene. Nikamwambia sijapata. Akakaa sawa, akahema mara mbili, akasema mstari mmoja, na nikajua nimepata. Alikuja studio Jumatano iliyopita, akavaa hedifoni juu ya kilemba, akamaliza sehemu zake zote kwa siku moja na kumsahihisha fundi mitambo mara mbili. Fundi mitambo aliacha kula karanga. Mwenye studio ananiuliza tangu siku hiyo nimemtoa wapi yule mama, na mimi najibu kwamba ni damu.

Yule mrefu bado hana sauti. Nimewajaribu wanaume wanne. Wawili wanaigiza vizuri, mmoja vizuri sana, na kwa kazi ya kawaida ningemchukua nikalala usingizi. Lakini Shangazi alisikiliza rekodi zao akatikisa kichwa kila mara. Nilipombana aniambie anataka nini, akanitajia mumewe. Fundi Saa alifariki miaka mitatu iliyopita, Baba, taratibu, katika usingizi. Pole sana, najua ulisikia kwa watu na hukujua kama unaruhusiwa kwenda. Shangazi ana picha zake mbili na kile kioo cha kukuzia, lakini sauti yake hakuna mahali ilipohifadhiwa, si kwenye simu, si kwenye kaseti. Anasema imeanza kumpotea. Anakumbuka maneno yake lakini hasikii tena yalivyokuwa yakitoka. Na anasema sauti ya mumewe imebaki mahali pamoja tu duniani, nayo ni kooni kwa kaka yake.

Dakika za mwisho za filamu, ambazo sisi hatukuziona, zinakwenda hivi. Kundi la shingo ndefu limewabana wale wawili ukingoni mwa bonde. Hakuna jiwe linaloanguka, hakuna tope. Kwa mara ya kwanza yule mrefu anaachwa amalize sentensi. Anakohoa kidogo, anasema hatukumwiba, tuliachiwa. Basi. Hicho ndicho Shangazi anachotaka kukisikia, kwa sauti ile ile, kutoka kwako.

Barua hii naituma kwa basi la jioni hii, na mkweo atakuja kukuchukua Jumanne asubuhi na gari, atakuwekea mto wa goti. Kurekodi ni Jumatano saa nne. Kipaza sauti ni kimoja, kwa hiyo nimeagiza kiti cha pili, na nimehakikisha nacho hakilii. Sitakuuliza kama utakuja, maana mimi ni binti yako na ninakujua: wewe ni mtu wa kutupa kila kitu chini na kukimbia.

Wasalimie majirani, hasa yule mama wa duka anayekupunguzia sukari kwenye chai bila wewe kujua. Mjukuu wako anakuamkia, na mkweo pia. Shangazi nilimuuliza kama ana salamu zozote za kukuletea. Amesema hapana, atakusalimia mwenyewe.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Kasuku